Kunakili si wizi: miezi mitatu na uso wa Pissarro

Leo naomba tuache kidogo mambo ya simu na seva. Nataka tuongee juu ya rangi za mafuta, ndevu za mchoraji mmoja wa Ufaransa, na swali linalotuhusu sana sisi tunaoandika programu: je, kunakili kazi ya mtu mwingine ni njia halali ya kujifunza?

Jibu langu ni ndiyo. Tena naenda mbali zaidi. Kwa mtu mzima anayeanza kuchora nyuso kwa rangi za mafuta, hana mwalimu, na muda wake ni jioni baada ya kazi, sijaona njia bora kuliko kuchagua picha moja nzuri na kuinakili kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Lakini kuna masharti, na masharti hayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Kila nikiwaeleza wenzangu ninachofanya jioni, napata majibu ya aina mbili. Wa kwanza husema, "Mbona usichore chako?" Mmoja wao alinipiga methali kabisa: mwiga tembo kwa kunya hupasuka msamba. Wa pili, hasa wale tunaofanya nao kazi, husema kuna programu za akili bandia zinazoweza kutoa picha ya namna hiyo kwa sekunde chache, kwa hiyo napoteza muda na pesa ya rangi. Wote ni watu ninaowaheshimu. Ila nadhani wanazungumzia nakala kama kitu cha kutundika ukutani, na mimi nazungumzia kazi ya kuitengeneza. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Picha yenyewe

Picha ninayoinakili ni ya Camille Pissarro. Alijichora mwenyewe mwaka 1873, na leo picha hiyo iko katika jumba la Musée d'Orsay mjini Paris. Si kubwa: kimo chake ni kama sentimita 56 na upana kama 46. Pissarro alikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo tu, lakini kipara cha mbele na ndevu ndefu vinamfanya aonekane mzee. Amevaa koti la rangi nzito, nyuma yake ni ukuta mwepesi wenye picha ndogo, na macho yake yanakutazama moja kwa moja.

Kwa wasiomfahamu: Pissarro alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas huko Karibi, wakati kisiwa hicho kikiwa koloni la Denmark. Alihamia Ufaransa akiwa kijana. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870 alikimbilia London na familia yake, na nyumba yake ya Louveciennes ikakaliwa na askari wa Prussia. Aliporudi alikuta kazi zake nyingi za miaka iliyotangulia zimeharibiwa. Kwa hiyo huyu tunayemwona mwaka 1873 ni mtu aliyeanza upya. Mwaka uliofuata, 1874, yeye na wenzake kina Monet, Degas, Renoir na Berthe Morisot walifanya maonyesho yao wenyewe Paris, nje ya maonyesho rasmi yaliyoitwa Salon. Hapo ndipo walipobandikwa jina la Waimpreshonisti. Maonyesho yao yalikuwa manane, ya mwisho mwaka 1886, na Pissarro ndiye pekee aliyeshiriki yote.

Kwa nini picha ya mtu aliyejichora mwenyewe? Kwa sababu mchoraji na anayechorwa ni mtu mmoja. Hakuna mteja anayetaka apunguziwe pua, wala bibi harusi anayetaka ngozi laini. Alikaa mbele ya kioo akaamua mwenyewe nini cha kuweka na nini cha kuacha. Kwa mwanafunzi huo ni usomaji mzuri, maana kila uamuzi unaouona ni wake.

Na kwa nini Mwimpreshonisti? Hapa nitasema kama mtu wa programu. Wachoraji wa vyuo rasmi vya wakati ule walipenda kazi laini isiyoonyesha alama ya brashi. Unatazama, unasifu, lakini huoni ilivyotengenezwa. Ni kama programu iliyofungwa: unaitumia tu, huwezi kuifungua. Pissarro na wenzake waliacha alama za brashi zionekane. Unaona rangi hii ilipita juu ya ile, hapa brashi ilikuwa na rangi nyingi, pale ilikuwa karibu kavu. Ni programu huria ya mwaka 1873, na msimbo wake uko wazi mbele yako.

Waliotuita wanakili walinakili pia

Wanaosema "chora chako" wanadhani wachoraji wakubwa walianza na vyao. Tuangalie historia.

Jumba la Louvre limekuwa likiwaruhusu watu kunakili picha zake tangu lilipofunguliwa mwaka 1793. Édouard Manet, ambaye vijana wa Uimpreshonisti walimwona kama kaka yao mkubwa, alinakili humo picha ambayo Tintoretto alijichora mwenyewe uzeeni. Yaani alifanya karibu kitu kilekile ninachofanya mimi, isipokuwa yeye alikuwa amesimama mbele ya picha yenyewe. Edgar Degas alijiandikisha Louvre kama mnakili mwaka 1853, akiwa hajafika miaka 20, na aliendelea na tabia hiyo miaka mingi.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Paul Cézanne. Mwaka 1871 Pissarro alichora mandhari ya Louveciennes. Mnamo mwaka 1872 Cézanne, ambaye alikuwa na umri wa miaka 33 hivi na alikuwa akichora kwa miaka mingi, aliazima picha hiyo akainakili. Nakala yake ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Ukiziweka pamoja unaona ni mandhari moja, barabara moja, miti ileile, lakini mikono miwili. Cézanne amefanya maumbo kuwa mazito na mapana zaidi. Hakugeuka kuwa Pissarro mdogo. Alitoka hapo akaenda kuwa Cézanne.

Na mwalimu mwenyewe je? Katika miaka ya 1860 Pissarro alijitambulisha kwenye Salon kama mwanafunzi wa Corot. Kisha katikati ya miaka ya 1880, akiwa amepita miaka 50 na ni mchoraji anayeheshimiwa, alimfuata kijana aitwaye Georges Seurat, aliyekuwa na umri usiofikia miaka 30, akajifunza mtindo wake wa kuchora kwa nukta ndogondogo. Alifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Baadaye akaona mtindo huo unamfunga, akauacha, akabaki na alichokipata. Mzee alimuiga kijana, akajifunza, akaondoka. Nikisikia mtu anasema kuiga ni alama ya kukosa akili, namkumbuka mzee huyu.

Ninavyofanya

Sasa tuingie jikoni. Nilitafuta faili kubwa ya picha hiyo mtandaoni. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba ukipakua faili tatu kutoka tovuti tatu, utapata Pissarro watatu: mmoja wa njano, mmoja wa kijani, mmoja wa kijivu. Kamera tofauti, taa tofauti, na kila tovuti imebana faili kwa namna yake. Juu ya hapo skrini yako inatoa mwanga, na rangi ya mafuta inaurudisha tu mwanga wa chumba. Kwa hiyo namba za pikseli si ukweli wa picha. Ni ushahidi tu, na ushahidi hupimwa.

Ndiyo maana sikuanza na rangi. Niliandika programu ndogo, mistari michache, inayogeuza picha kuwa kijivu kisha kupunguza ngazi 256 za mwanga hadi ngazi 5. Wenzangu wa programu wanajua kanuni: nyekundu huzidishwa kwa 0.299, kijani kwa 0.587, bluu kwa 0.114, kisha unajumlisha. Kijani kina uzito mkubwa kwa sababu jicho letu linauona mwanga wake zaidi. Matokeo yake ni uso wa Pissarro wenye maeneo matano tu, kama ramani. Ukiangalia ramani hiyo unagundua kwamba mfano wa uso unabebwa na giza na mwanga kabla ya rangi. Rangi ikikosea kidogo, uso bado ni wa mtu. Giza na mwanga vikikosea, huna uso.

Kisha nikagawa picha kwa miraba na kuihamishia kwenye ubao mwembamba niliokatiwa na seremala, sentimita 40 kwa 33. Uwiano ni uleule wa picha ya asili ila ukubwa ni mdogo. Hiyo nimeitoa Louvre: huko mnakili haruhusiwi kutumia ukubwa uleule wa picha ya asili, na haruhusiwi kunakili sahihi ya mchoraji. Sheria nzuri. Inatenganisha mwanafunzi na mghushi.

Rangi zangu ni tano: nyeupe ya titani, njano ya udongo, nyekundu, kahawia ya udongo uliochomwa, na bluu ya ultramarini. Nyeusi sikununua, kwa sababu bluu ile na kahawia vikichanganywa vinatoa giza zuri zaidi. Pissarro hakuwa na nyeupe ya titani, ambayo ilikuja kutumiwa na wachoraji karne ya 20. Yeye alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Nyeupe ya titani ina nguvu sana, kwa hiyo natumia kidogo kuliko unavyodhani.

Kama unataka kujaribu, kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya kitani yaliyomo huvuta oksijeni hewani na kugeuka kitu kigumu. Kwa hiyo tabaka jembamba linaweza kuchukua siku kadhaa, na nene wiki au zaidi. Kanuni ya zamani ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache, na la juu liwe na mafuta mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini na picha itapasuka. Pili, na hili ni la usalama: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yanaweza kuwaka moto yenyewe yakirundikwa, kwa sababu kule kuvuta oksijeni kunatoa joto. Yatandaze yakauke nje, au yaweke kwenye mkebe wa chuma wenye maji na mfuniko. Usiyakunje ukayatupa kwenye pipa la taka na kwenda kulala.

Kile ambacho macho peke yake hayakuonyeshi

Haya, baada ya miezi mitatu nimepata nini ambacho nisingepata kwa kutazama tu?

Chukua ndevu. Ukiulizwa ndevu za Pissarro zina rangi gani, utasema kijivu. Umemaliza. Lakini ukishika brashi lazima ujibu: kijivu kipi? Karibu na mdomo zina joto, pembeni zina ubaridi, chini zinakaribia kumezwa na koti. Halafu unagundua kwamba sehemu ambayo macho yako yanaapa ni bluu, ukiipima kwa programu kwenye faili, ni kijivu kitupu. Inaonekana bluu kwa sababu jirani yake ni ngozi yenye rangi ya machungwa.

Jambo hili lilielezwa na mkemia Michel Eugène Chevreul katika kitabu alichokichapisha mwaka 1839. Alikuwa akisimamia upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins huko Paris, na aligundua kwamba malalamiko kuhusu baadhi ya nyuzi hayakutokana na rangi mbovu. Yalitokana na rangi iliyowekwa kando yake. Nilishawahi kusoma jambo hili mahali. Lakini kulisoma ni kitu kimoja, na kutengeneza bluu kutokana na kijivu kwa mkono wako mwenyewe ni kitu kingine. Sasa nikipanda matatu jioni natazama watu karibu na dirisha na naona vivuli vyenye rangi. Macho yangu yamebadilika.

Au chukua mpangilio wa kazi. Mtu anayeanza hupenda kumaliza jicho la kushoto, kisha la kulia, kisha pua. Pissarro alimshauri mchoraji kijana Louis Le Bail, miaka ya 1890, afanye kinyume: sehemu zote zisogee pamoja, anga na maji na matawi na ardhi, bila kuchora mipaka kwanza. Ukinakili picha yake unaelewa kwa nini. Huwezi kujua kama paji la uso lina mwanga wa kutosha mpaka uweke giza la koti. Kila eneo linategemea lingine. Sisi kwenye programu tungesema usimalize sehemu moja kwa ufundi wote wakati nyingine hazipo hata kwa jina. Jenga kitu kizima kikiwa kibaya, kisha kiboreshe chote.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kunakili kwa mkono kunakulazimisha kujibu kila swali ambalo mwenye kazi alijibu. Ukitazama tu unaweza kuruka maswali, na ukinakili kwa mashine mashine inayaruka kwa niaba yako. Mkono hauna pa kurukia.

Mpaka wa nakala

Masharti niliyoyataja mwanzoni ni haya.

La kwanza: sema wazi ni nakala. Pissarro alifariki Novemba 1903. Sheria ya haki miliki ya Kenya hulinda kazi ya sanaa kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha msanii, kwa hiyo kisheria picha hii iko huru zamani. Lakini uhuru wa kisheria haukuondolei uungwana. Nyuma ya ubao wangu nimeandika kwa wino mzito: nakala, baada ya Pissarro, 1873, na jina langu.

La pili: nakili njia, usinakili majibu. Hili linanigusa binafsi. Mchanganyiko wa rangi ya ngozi ya Pissarro ni wa ngozi ya Pissarro. Kuna tyubu ambazo kwa miaka mingi zimeuzwa kwa jina la rangi ya ngozi, na ukizifungua ndani unakuta waridi hafifu. Mimi nikijitazama kwenye kioo sioni waridi hafifu. Naona kahawia yenye wekundu kwenye vivuli, na pale mwanga wa dirisha unapogonga paji la uso naona alama kali yenye ubaridi, kwa sababu inarudisha rangi ya mbingu. Nikichukua mchanganyiko wake nikaupaka kwenye uso wangu, nitapata kinyago. Lakini nikichukua utaratibu wake, yaani giza na mwanga kwanza, kulinganisha kila rangi na jirani yake, kusogeza uso wote pamoja, utaratibu huo unafanya kazi kwenye ngozi yoyote. Nimeshaanza picha yangu mwenyewe, na kwenye kibao changu cha rangi nyeupe imepungua sana.

Ndiyo maana wanaoniuliza "kwa nini Mzungu?" nawaambia sijamchagua ili nifanane naye. Nimemchagua kwa sababu aliacha kazi wazi. Mtu akinionyesha mchoraji mwingine aliyeacha alama zake wazi hivyo, nitamnakili huyo pia.

La tatu: uwe na siku ya kuondoka. Pissarro aliondoka kwa Seurat, Cézanne aliondoka kwa Pissarro. Mimi nimejiwekea nakala moja nzima, kisha kioo.

Na sisi wa programu?

Najua mmesubiri hapa. Kazini ninasimamia wanagenzi wawili. Ni vijana hodari. Siku hizi mwanagenzi anaweza kuomba programu ya akili bandia imwandikie msimbo, akaubandika, ukafanya kazi, na jioni akaenda nyumbani bila kuweza kueleza mstari hata mmoja. Siku msimbo huo ukigoma usiku wa manane, hana pa kuanzia. Huko ni kunakili kusikofundisha. Na simlaumu yeye, kwa sababu tunampima kwa kazi ngapi amemaliza, hatumpimi kwa alichokielewa.

Kwa hiyo nimewapa zoezi. Toleo la kwanza kabisa la Git, lile aliloliandika Linus Torvalds mwezi Aprili mwaka 2005, ni dogo sana: mistari elfu moja na kidogo ya lugha ya C. Liko wazi kwa kila mtu. Nimewaambia wasome kipande kimoja, wafunge dirisha, kisha wakiandike upya kwa lugha wanayoipenda, kwa vidole vyao, bila kubandika. Saa mbili kila Ijumaa.

Wiki ya kwanza walinung'unika. Wiki ya pili mmoja alikuja na swali: kwa nini jina la kila faili inayohifadhiwa linatokana na alama ya SHA-1 ya yaliyomo ndani yake, na kwa nini herufi mbili za kwanza zinatengwa kuwa folda? Tukakaa tukajadili. Ukiyapa mafaili majina kutokana na yaliyomo, vitu viwili vinavyofanana vinahifadhiwa mara moja tu, na kitu kikiharibika utajua mara moja. Na ukitenga herufi mbili za kwanza, mafaili yanagawanyika kwenye folda 256 badala ya kurundikana katika moja. Kijana yule ametumia Git miaka mitatu chuoni. Swali hilo lilimjia siku alipolazimika kuiandika.

Nimeulizwa kazini kama saa hizo mbili zinaweza kupunguzwa kwa sababu tuna kazi nyingi. Naomba zisipunguzwe, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika haya hadharani. Sipingi akili bandia. Naitumia kila siku kwa mambo ninayoyaelewa, na inaniokoa muda. Lakini mtu asiyewahi kuandika kitu kizima kwa mkono wake hawezi kujua mashine imempa kitu kizuri au takataka iliyopakwa rangi. Jicho la kuhukumu linatoka kwenye mkono uliofanya kazi. Tukikata saa za kujifunza leo, baada ya miaka mitano tutakuwa na ofisi zilizojaa watu wanaoidhinisha wasichoweza kukisoma. Nani atawafundisha wanagenzi wa wakati huo?

Kuhusu methali ya tembo, naiheshimu. Inamwonya anayeiga ukubwa, anayetaka matokeo ya tembo bila mwili wa tembo. Mimi nimeiga mwendo, hatua kwa hatua, kwa ukubwa unaonitosha, sentimita 40 kwa 33.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuanza ni huu. Chagua kazi moja iliyo wazi, iwe picha, wimbo, au programu. Chagua ndogo. Inakili nzima kwa mkono, maana nusu ya kwanza huwa rahisi na masomo mengi yako kwenye nusu ya pili. Andika jina la mwenyewe. Kisha funga, ugeukie kioo, ufanye chako.

Wewe unaonaje? Kama umewahi kujifunza kitu kwa kukinakili, au kama unadhani nimepotea njia, niandikie. Hasa ningependa kusikia kutoka kwa walimu wa kompyuta na mafundi wenye wanagenzi: mnawapa muda wa kunakili, au mnawaambia wabuni tu tangu siku ya kwanza?